Pole na mwembe

Mwezi wa pili mwaka jana nilimpiga mwanangu kofi kwa sababu ya kijiko. Kilidondoka tu kwenye tailizi, kikapiga kelele, na mkono wangu ukaenda kabla akili haijafika. Ana miaka sita. Wala hakulia, aliniangalia vile unavyomwangalia paka wa nyumbani uliyemzoea halafu ghafla kakuparura. Nikaenda kukaa chooni maana ndiyo sehemu pekee kwetu yenye sakafu ya baridi, nikajifungia, nikawa najiuliza hivi mimi nina nini jamani.

Kiukweli ulikuwa usiku wa nne sijalala. Na naomba niliongelee hili taratibu kwa sababu naona wengi mjini humu kila ikifika Februari tunagombana na waume, tunagombana na makonda, tunawafokea wadada wa kazi, halafu tunasema "stresi" au "maisha magumu", na maisha ni magumu kweli sikatai, ila kuna kitu kingine humo ndani ambacho hatukitaji.

Watu wa Iringa na Arusha wakija Dar wanaogopa jua. Jua halina neno, jua unasogea kivulini maisha yanaendelea. Shida ni fukuto. Kuanzia Desemba mpaka Machi upepo ni wa kaskazi, hewa imejaa maji ya bahari, na kwenye simu unaona nyuzi 32 au 33 mtu wa Dodoma anakucheka, anasema hata sisi tunazo. Sawa mnazo, lakini nyie jasho lenu linakauka. Jasho linapoza mwili pale linapokauka, sasa kama hewa yenyewe imeshalowa linakauka vipi, linakaa tu linatiririka mgongoni kama mdudu. Usiku ndo balaa zaidi, joto haliteremki sana, na ukuta wa tofali za saruji umekunywa jua kutwa nzima sasa unakurudishia chumbani. Mwili ukitaka kulala lazima upoe kidogo kwa ndani, ndivyo ulivyoumbwa, usipopoa unalala nusu nusu, unaota nusu nusu, asubuhi unaamka na hasira ambayo hujui umegombana na nani. Halafu umeme ukatike saa nane usiku. Feni inapunguza mwendo, inapunguza, kimya. Nyumba nzima inaamka bila kuambiana, mtaa mzima unasikia madirisha yanafunguliwa, mtoto wa jirani anaanza kulia, vipele vya joto vinamuwasha maskini.

Lakini sikiliza, mimi ni mtoto wa Temeke, fukuto nimezaliwa nalo. Kilichobadilika mwaka ule ni mwembe.

Kiwanja cha jirani kulikuwa na mwembe dodo mkubwa, mkubwa kweli, nusu ya kivuli chake kilikuwa cha kwetu bila sisi kulipia chochote. Chini yake kulikuwa na mama wa vitumbua asubuhi, bodaboda mchana, wazee wa drafti jioni. Na mtaani kwetu mtu akifariki mikeka ilikuwa inatandikwa pale, wanaume wanakaa pale mpaka matanga yanaisha. Baba yangu tulimkalia pale. Mwezi wa kumi na moja watoto wa marehemu mwenye nyumba wakakubaliana wajenge fremu za maduka. Wakaja vijana na msumeno wa mashine, ilikuwa Jumanne, mpaka saa kumi jioni hakuna mti. Ulikuwa na maembe bado mabichi. Watoto wakayagombania, akina mama tukabeba na ndoo, tukatengeneza achari, yaani tuliila achari ya ule mwembe mpaka Januari, na kila nikila nilikuwa najisikia kama mtu anayekula ubwabwa wa msiba wa ndugu yake huku anausifia.

Popo walikuja usiku ule na usiku uliofuata. Wakazunguka, wakazunguka, hawakuelewa.

Baba watoto nilipomwambia nina huzuni akasema mti wa mtu, kiwanja cha mtu, wana ada za kulipa. Na ana haki, siwezi kubishana nae. Fremu tatu pale sasa hivi, moja wakala wa pesa, moja saluni, moja imefungwa mpaka leo haijapata mpangaji. Uwanja wote wamepiga pevingi. Ule mwembe ulikuwa unavuta maji toka chini huko unayatoa kwenye majani kama mvuke, ndiyo maana chini ya mti panapoa kuliko chini ya bati hata kama vyote ni kivuli. Sasa hivi jua linapiga pevingi, pevingi zinapiga ukuta wetu, ukuta unatupiga sisi. Ukinipa karatasi nakuchorea njia ya lile joto mpaka kwenye shavu la mwanangu.

Ila sikuweza kumwambia mtu nalilia mti. Ungesemaje? Kazini watu wana msiba wa kweli, mtu kafiwa na mama, wewe unaomba ruhusa kwa ajili ya mwembe. Nikanyamaza nao.

Aliyenifungua ni bibi wa nyumba ya tatu. Huyu bibi aliolewa mtaani kwetu mwaka wa Azimio la Arusha, yaani 1967, na mwembe aliukuta. Mwaka huo huo ilifanyika sensa, Dar nzima ilikuwa na watu kama 270,000 hivi. Sensa ya 2022 tumefika milioni 5.38. Hapo ndipo naelewa kwa nini kila mtu anataka fremu, watu hawa wote walale wapi wanunue wapi. Bibi alikuja mchana na mkongojo wake, nikamwamkia shikamoo bibi, akaitikia marahaba mwanangu, akakaa kwenye kochi, akavuta pumzi, akasema: "Nimekuja kuwapa pole. Poleni na mwembe."

Mimi nikaanza kulia pale pale, aibu tupu. Na yeye hakunibembeleza wala hakuniambia nimuachie Mungu. Akasubiri. Halafu akaanza kusimulia nani na nani walikaliwa matanga pale chini, akawa anahesabu kwa vidole, alivyomaliza akaomba maji akanywa akaondoka.

Baadae nikaja kujua kuna wazungu wametafuta neno la kitu hiki. Mwanafalsafa mmoja wa Australia, Glenn Albrecht, mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa anaongea na watu wa bonde la Hunter ambao machimbo ya makaa ya mawe yalikuwa yanawalia ardhi mbele ya macho yao, akaona wanaumwa ile hamu ya nyumbani ambayo mtu anaipata akiwa mbali, na wao hawajahama. Wako nyumbani. Nyumbani ndo kumehama. Akaiita solastaljia. Mimi neno lenyewe halinikai mdomoni lakini maana yake niliielewa bila mkalimani. Na Aislandi, mwezi wa nane 2019, watu walipanda mlima kwenda kuuaga mto wa barafu unaoitwa Okjökull ambao ulishatangazwa umekufa, wakaweka na kibao, kama kaburi. Kuna waliocheka. Mimi nikawaza sisi tuna Kilimanjaro, barafu yake zaidi ya asilimia 80 imeondoka tangu 1912, na ule mlima uko kwenye chupa za maji na kwenye kila hotuba, hivi nani ameenda kuupa pole? Hata ulipowaka moto Oktoba 2020, na ukawaka tena Oktoba 2022, kwenye grupu letu la ukoo stori ilikuwa klipu za moto usiku, "daah angalia", basi, ikaja klipu ya harusi.

Toka siku ile ya bibi nimekuwa siwezi kupanda daladala kwa amani. Wewe panda gari yoyote usikilize. Mwembechai. Mkwajuni. Mbuyuni. Mwembe Yanga. Mchikichini. Mnazi Mmoja. Mikocheni, mtaa uliopewa jina la mikoche. Mabibo, ambalo ni lile tunda la mkorosho. Babu zetu walikuwa wanaelekezana njia kwa miti, ukifika kwenye mkwaju kata kushoto. Mwanangu aliniuliza siku moja tukiwa tunapita, mama mkwaju wenyewe uko wapi, nikaangalia dirishani nikaona maduka ya vipuri na nguzo. Konda kutwa nzima anaita majina ya marehemu na sisi tunajibu "shusha".

Sasa nije kwa mdogo wangu.

Mdogo wangu yuko Kanada, mji unaitwa Surrey, pale karibu na Vancouver, anahudumia wazee. Juni 2021 walipata joto lile lililotangazwa dunia nzima, kijiji cha Lytton kikafika nyuzi 49.6 tarehe 29, kesho yake kijiji chenyewe kikaungua moto karibu chote. Mwanzoni alikuwa anatuma voisi noti za kucheka, dada hawa watu wanalalamika joto, sisi wa Temeke tutatishwa na joto la Wazungu? Siku ya tatu kicheko kikaisha. Nyumba za kule zimejengwa kushika joto lisitoke, ndiyo kazi yake wakati wa baridi, na wengi hawakuwa na kiyoyozi kwa sababu hawakuwahi kukihitaji. Ghorofa la tatu, dirisha moja, hewa haipiti. Wachunguzi wa vifo wa jimbo la British Columbia walikuja kuhesabu watu 619 waliokufa kwa joto lile. Karibu wote walifia ndani. Wengi wazee, na zaidi ya nusu walikuwa wanaishi peke yao.

Hiyo ya peke yao ndiyo mdogo wangu haijamtoka. Aliniambia dada, huku mtu anakufa na joto na jirani yake anasikia tivii inaongea, anajua yupo. Mimi nikawaza ule usiku wa feni kusimama, madirisha yote yanafunguka, mtu anaita "mama fulani mko salama?", mwingine anatoa mkeka nje. Sisemi sisi ni bora, majirani zangu ni wambea wa kiwango cha kimataifa. Lakini ule umbea ndo unaojua kama bibi wa nyumba ya tatu leo hajafungua mlango.

Halafu 2023 ikaja ya moshi. Mwaka ule misitu ya Kanada iliungua zaidi ya hekta milioni 15, piga hesabu, ni kama moja ya sita ya Tanzania nzima. Mwezi wa nane moto ukafika mji wa Kelowna, na kule kaskazini mji mzima wa Yellowknife watu kama 20,000 wakaambiwa ondokeni. Mdogo wangu hakuwa karibu na moto wowote. Moshi ndo ulimfuata. Alinitumia picha ya jua saa tisa mchana, jekundu, kama kiini cha yai la kienyeji, unaweza ukaliangalia kwa macho matupu. Wamefunga madirisha, taulo limelowekwa limewekwa chini ya mlango, mashine ya kusafisha hewa inanguruma kutwa nzima. Kuwafungia wazee ndani kwenye joto ili wasivute moshi, au kuwafungulia wavute moshi ili wasife na joto, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, anachagua kila saa.

Mimi dada mtu mwenye hekima nikamwambia kunywa maziwa.

Msinicheke, si ndo tulivyolelewa, ukivuta moshi unapewa maziwa. Maziwa yanaenda tumboni na moshi uko kwenye mapafu, wala havikutani. Kile kivumbi cha moshi wenyewe, kile kidogo cha chini ya maikroni 2.5, unywele mmoja ni mnene kama mara thelathini ya hicho, kinapita mpaka kwenye damu. Barakoa ya kitambaa haikizuii, inatakiwa ile ya N95 iliyobana usoni vizuri. Aliponieleza hivyo nikatulia, maana ilikuwa Jumamosi asubuhi kwangu na nje kwa jirani taka zilikuwa zinawaka.

Si mnaijua Jumamosi ya Dar. Watu wamefagia, majani, vifungashio vya plastiki, pampasi, kipande cha godoro, kibiriti. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 lakini plastiki yenyewe ipo nyingi tu, na ikiungua ule moshi mweusi unapita dirishani unakaa kwenye mapazia. Mama yangu alipika kwa kuni na mkaa maisha yake yote, kikohozi chake tulikuwa tunakiita kikohozi cha mama, kama vile ni tabia yake. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa kupikia ndani unaua watu karibu milioni 3 kwa mwaka duniani. Moshi wa mdogo wangu unatangazwa kwenye taarifa ya habari, una namba, kule kwao kuna kipimo kutoka 1 mpaka 10 na zaidi, unaamka unaangalia namba kwenye simu. Wa mama yangu haukuwahi kuwa na namba. Mkaa wenyewe ndo huo unaomaliza misitu ya Pugu na Kazimzumbwi hapo Kisarawe, yaani msitu wa karibu kabisa na mji, tunauleta nyumbani kwa magunia tunauvuta.

Serikali imesema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Mimi nina jiko la gesi toka zamani. Maharage bado nachemsha kwa mkaa, nakiri hapa hapa, gesi ikiisha tarehe 20 mshahara uko tarehe 30 wewe utafanyaje.

Kuhusu taka nilijaribu kuongea na jirani. Kwa upole kabisa, na nilienda na sahani ya futari maana ilikuwa Ramadhani. Akapokea futari. Akaniambia mama nanihii wewe toka mdogo wako aende majuu umekuwa Mzungu. Anachoma mpaka leo, ila siku hizi anasubiri nikiwa nimeenda kazini, na mimi nimeihesabu hiyo kama heshima.

Watu wananiuliza sasa unafanyaje, unajitulizaje. Ningependa kuwa na jibu zuri. "Panda mti" nimechoka kulisikia, linasemwa na watu ambao kesho wanapiga pevingi. Nilipanda miarobaini miwili nje ya ukuta, mmoja ukaliwa na mbuzi wa mtu, mwingine upo, unafika kiunoni, hauna kivuli cha hata kuku. Kilichonisaidia ni vitu vidogo vidogo na vingine vya kuchekesha. Klipu za moto na mafuriko siangalii usiku, mchana naangalia, usiku hapana, kwa sababu saa saba usiku mimi siwezi kumzimia mtu moto. Kanga nailowesha naikamua nalala nayo. Na mimi na baba watoto tumekubaliana mwezi wa pili hatujadili mambo ya ukoo wala ya hela baada ya saa sita mchana, kama jambo lina haraka sana linaongelewa alfajiri. Ndoa imepumua sana.

Mwanangu nilimuomba msamaha. Nilimwambia mama alikuwa na joto na alikuwa na huzuni ya mwembe. Akaniuliza kwa nini hukusema. Sikuwa na jibu.

Na mimi na mdogo wangu tuna zamu. Hatukupanga, ilitokea tu. Februari mimi ndiye nimechemka, yeye yuko kwenye baridi na makoti, basi yeye ndiye ananipa pole. Agosti yeye kama kuna moshi, mimi huku kuna kipupwe, kusi linapuliza, asubuhi unatafuta shuka la pili, basi zamu yangu. Nimejifunza kutotoa ushauri. Zamani nilikuwa na ushauri mwingi, maziwa, tangawizi, rudi nyumbani.

Agosti iliyopita alinipigia, kwangu saa moja asubuhi, kwake saa tatu usiku. Nikasikia mashine inanguruma nyuma yake nikajua. Nikamwambia pole mdogo wangu. Akasema asante dada. Tukakaa. Nilikuwa naosha vyombo, simu nimeiegemeza kwenye ndoo, hakuna anayeongea. Baada ya muda akauliza, hivi ule mwembe miezi hii si ndo ungekuwa na maua?

Nikasema ndiyo, ungekuwa nayo, na nyuki wangekuwa wanatusumbua jikoni.

Akasema mmh. Akanyamaza tena, mashine ikaendelea, na mimi nikaendelea na vyombo mpaka bando likaisha.